Minazi ya Majid, Mchicha wa Msimbazi

Kabla haijawa mji, Dar es Salaam ilikuwa shamba. Katikati ya miaka ya 1860, Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujijengea makao kwenye bandari tulivu iliyokuwa jirani na kijiji cha Mzizima, hakuleta waashi peke yao. Alileta na watumwa wa kumpandia minazi. Kasri likaelekezwa majini, na nyuma yake ikaota minazi. Majid alifariki mwaka 1870, na nduguye Barghash aliyemrithi hakuwa na haja na mji ule. Nyumba zikaanza kubomoka, nyingine hazijakwisha kujengwa. Minazi ikaendelea kukua, na Wazaramo na Washomvi, wenyeji wa pwani ile, wakaendelea kulima mpunga mabondeni na muhogo kwenye miinuko kama walivyofanya kabla Sultani hajafika.

Naanzia huko makusudi. Tumezoea kusema kwamba Dar es Salaam imeota ovyo kwa kukosa mipango, na tukishasema hivyo tunatikisa vichwa na kwenda zetu. Lakini mipango ilikuwapo tangu enzi za Wajerumani, na mingi iliandikwa na watu hodari wa kazi yao. Ambao haukuwapo ni mpango uliomhesabu mkulima kuwa ni mtu anayeitumia ardhi tayari. Kila ramani iliyochorwa ilikuta shamba, ikalichukua kuwa ni ardhi tupu inayongoja zamu yake ya kujengwa.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitia mguu bandarini mwaka 1887, na mwaka 1891 serikali ya kikoloni ikahamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo ikatoka amri ya ujenzi iliyoeleza nyumba za aina gani zijengwe sehemu gani ya mji. Mwaka 1893 daktari wa elimu ya viumbe, Franz Stuhlmann, akaanzisha Bustani ya Mimea, ambayo kazi yake ilikuwa kujaribia mazao ya biashara kabla hayajasambazwa kwenye mashamba ya walowezi. Bustani hiyo ipo hadi leo karibu na Makumbusho ya Taifa, ingawa imemegwa mara nyingi hata sehemu kubwa ya eneo lake la awali imekwisha kuwa majengo na barabara. Kwa hiyo mojawapo ya maeneo ya kwanza ya mji huu kulindwa kwa amri ya serikali lilikuwa eneo la kilimo. Kilichokosekana ni kilimo cha mwenyeji kupewa heshima ileile.

Magharibi ya mji kulikuwa na shamba la Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ililinunua ili ipime humo mji wa Waafrika, mitaa iliyonyooka na kukatana kwa pembe sawa. Vita ikaingia kazi haijakamilika. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo lile likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, na Kariakoo ikapata jina lake hapo. Leo hakuna anayepita Kariakoo akakumbuka kwamba alipo ni shambani.

Kati ya Kariakoo na mji wa Wahindi ukaachwa uwanda mrefu usiojengwa, nao ndio Mnazi Mmoja. Yapo mambo ya kusema wazi kuhusu eneo hili, kwa sababu leo tunalililia kama urithi. Halikuachwa ili watoto wacheze. Liliachwa ili kuwatenga Waafrika na watu wa mataifa mengine, kwa kisingizio cha afya. Mpango kabambe wa mwaka 1949, ulioandikwa na kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb, uliendeleza fikra hiyo kwa mji mzima. Mji, ambao sensa ya 1948 ilikuta una watu 69,000 hivi, uligawanywa katika maeneo ya viwanja vikubwa, vya kati na vidogo. Majina ya rangi hayakuwekwa mbele, lakini kila mtu alijua nani alikuwa wa Oyster Bay, nani wa Upanga, na nani wa Ilala, Magomeni na Temeke. Katikati ya maeneo hayo yakaachwa mabonde na mikanda ya majani, iliyoitwa njia za upepo. Upepo ulipita kweli. Na ukuta ulikuwa ukuta, hata kama ulioteshwa majani.

Wananchi waliugeuza ukuta ule kuwa uwanja wao. Mnazi Mmoja na Jangwani ndiko watu walikokusanyika miaka ya 1950 kusikiliza habari za TANU na Uhuru, na ndiko vyama vya siasa vilikoendelea kuita mikutano yao mikubwa. Mnara wa Mwenge wa Uhuru ulisimamishwa Mnazi Mmoja. Mahali palipotengwa ili kutenganisha watu pakawa mahali pa kuwakutanisha, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kupalinda. Asili mbaya ya eneo la wazi haimpi mtu ruhusa ya kujenga gereji juu yake.

Sasa nirudi kwa mkulima, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha habari yote.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma na iko mikononi mwa gavana. Marekebisho ya 1928 yakatambua kwamba wenyeji wanaokaa kwa mila wana haki ya kuikalia. Mzaramo wa Ubungo au Mbagala hakuwa na karatasi. Alichokuwa nacho ni miti. Katika pwani hii, mnazi, mwembe na mkorosho ndiyo iliyokuwa hati: aliyeipanda anajulikana, aliyeirithi anajulikana, na mpaka wa shamba unasomwa kwenye mstari wa miti. Mtu aliweza kuuza minazi yake au kuiweka rehani, huku udongo ulio chini yake ukibaki wa ukoo.

Serikali nayo ikayapokea mahesabu hayo, kwa njia iliyoifaa yenyewe. Pale eneo lilipotakiwa kwa viwanja vya mji, afisa alifika na daftari, akahesabu miti inayozaa na ile ambayo bado, akahesabu nyumba na kaburi, akaandika fidia. Udongo haukuandikwa kitu, kwa kuwa kisheria haukuwa na bei. Uhuru haukubadili hilo. Mwaka 1963 serikali mpya ilifuta umilikaji wa moja kwa moja wa ardhi ambao walowezi na matajiri wachache walikuwa nao, na sheria ya utwaaji ardhi ya 1967 ikaendelea kulipa kile kilichofanywa juu ya ardhi, si ardhi yenyewe. Nia ilikuwa njema kabisa: ardhi isiwe bidhaa ya walanguzi. Tokeo lake pembezoni mwa Dar es Salaam lilikuwa jingine.

Jiweke mahali pa mwenye shamba la ekari tano kule Tabata au Kimara mwaka 1975. Unasikia wapima ardhi wameonekana ng'ambo ya barabara. Ukingoja, utalipwa bei ya minazi na mikorosho, tena kwa kuchelewa, na udongo utakwenda bure kugawiwa watu usiowajua. Ukikata vipande leo na kumuuzia karani, askari au dereva anayetafuta pa kujenga, utapata fedha taslimu mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wawili. Hakuna haja ya kuuliza wenye mashamba walichagua lipi. Wataalamu wetu wenyewe, akina Lusugga Kironde na Wilbard Kombe wa chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu Ardhi, wameeleza kwa miaka mingi jinsi soko hili la pembeni lilivyoujenga mji kwa kasi kuliko ofisi yoyote ya mipango. Mkulima alikuwa anaukimbia mpango, na alikuwa na sababu.

Juu ya hali hiyo ndipo ilipowekwa mipango miwili mikubwa ya baada ya Uhuru. Wa 1968 uliandikwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, wa 1979 na Marshall Macklin Monaghan, nayo ya Kanada. Yote miwili ililenga mji ukue kwa mpangilio kufuata barabara zake kuu, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, na yote iliyaona mabonde ya mito kuwa si mahali pa kujenga. Ukiiangalia ramani ya Dar es Salaam ya miaka ile, mji umetandaza vidole vinne kutoka bandarini, na kati ya kidole na kidole kuna kijani kitupu. Mashamba yalijaa kwenye kijani hicho.

Kwa muda mfupi, shamba la mjini lilipata heshima ambayo halikuwahi kuwa nayo. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimisha nchi kununua nafaka nje, na serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Ofisi, viwanda na shule vikapewa maeneo ya kulima. Mahindi yaliota kwenye viwanja ambavyo havijajengwa na kandokando ya barabara. Miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi kuimaliza wiki ya pili ya mwezi, watumishi wa umma walichukua mashamba Mbezi, Goba, Tegeta na Kibamba, wakafuga kuku na ng'ombe wa maziwa, na familia nyingi zikasomesha watoto kwa maziwa na mayai. Kizazi kizima cha wasomi wa Dar es Salaam kimetoka kwenye mabanda hayo.

Lakini shamba la mwenye cheo lilikuwa na tabia yake. Lilichukuliwa kwa kulima, na baada ya miaka kumi au ishirini likawa na nyumba, kisha ukuta, kisha likakatwa viwanja vya watoto. Kwa njia hiyo vidole vya mji vilianza kunenepa hadi vikagusana. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 mjini. Mwaka 1978 mkoa ulikuwa na 843,090. Hata ukiondoa tofauti ya mipaka, huo ni mji uliokaribia kuongezeka mara tatu katika miaka 11, tena miaka ambayo madaraka ya miji yalikuwa yamefutwa tangu 1972 na kurudishwa ndipo 1978. Mpango wa 1979 ulikuwa wa miaka 20. Muda wake ulipokwisha mwaka 1999 hapakuwa na mpango kabambe mwingine ulioidhinishwa kuchukua nafasi yake, na mji uliendelea hivyo kwa muda mrefu hadi ulipoandaliwa ule wa 2016 hadi 2036.

Kuna jambo moja la miaka ya 1990 ambalo ningependa lisisahaulike. Mwaka 1992, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ulianza mradi wa kuuendeleza mji kwa kushauriana na wadau, na katika mambo tisa yaliyotajwa kuwa ya haraka, moja lilihusu maeneo ya wazi, maeneo hatarishi, mikanda ya kijani na kilimo cha mjini, kwa pamoja. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za kilimo cha mijini zilizomruhusu mtu kulima si zaidi ya ekari tatu na kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, wakiwa wamefungiwa bandani. Hapo mkulima wa mjini alitajwa kwa jina lake kwenye karatasi ya serikali, si kama mvamizi. Kanuni hazikumpa ardhi. Zilimpa masharti ya kuitumia ile aliyonayo, kama anayo.

Wengi wao hawakuwa nayo. Walilima mahali ambapo hakuna mwingine aliyetaka kuwa: chini ya nyaya za umeme mkubwa, kandokando ya reli, kwenye viwanja vya taasisi kwa ruhusa ya mlinzi, na zaidi ya yote mabondeni. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini kwenye Daraja la Salender. Bonde lake lina udongo mzito unaoshika maji hata Januari jua linapochoma. Humo wakulima walipiga matuta ya mchicha, matembele, chainizi na bamia. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne tu. Alfajiri mafungu yanafungwa, wachuuzi wa kina mama wanayabeba kwenye mabeseni, na kabla ya saa mbili yamekwisha kufika vichochoroni. Sehemu kubwa sana ya mboga za majani zilizoliwa mjini humu katika miaka ya 1990 zilitoka kwenye maeneo ya wazi na nyua za nyumba ndani ya mji wenyewe. Mboga ya majani haivumilii safari. Mji unaozungukwa na mashamba yake unakula mboga iliyovunwa siku hiyohiyo, na maskini ndiye anayefaidi kwanza.

Mto ule ule ulipokea pia maji machafu ya viwanda, uchafu wa machinjio na majitaka ya vyoo vya mitaa isiyo na mabomba. Wachunguzi walipoupima udongo na mboga walikuta madini mazito. Jibu rahisi lilikuwa kumlaumu mlima mchicha na kung'oa matuta yake. Aliyetiririsha sumu mtoni alikuwa mwingine, lakini huyo ana geti na wakili, na mkulima ana jembe.

Kisha bonde likaanza kujengwa. Aliyekosa kiwanja Magomeni alishuka Mkwajuni, aliyekosa Kigogo alishuka karibu na maji. Vifusi vilimwagwa ili kuinua viwanja, na kila tripu ya kifusi ilibana mto kidogo. Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha kwa siku kadhaa mfululizo na Msimbazi ukachukua nafasi yake yote. Watu zaidi ya 40 walikufa. Walionusurika walipelekwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa mji, ambako walipimiwa viwanja kwenye ardhi iliyokuwa pori na mashamba. Kosa lilelile likahamishwa: mafuriko ya mahali palipostahili kuachwa wazi yakalipwa kwa mashamba ya mahali pengine. Desemba 2015 nyumba zilizowekewa alama ya X zikavunjwa bondeni. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi, na karakana yake ilikuwa imejengwa Jangwani, bondeni kwenyewe. Ikafurika mara kwa mara. Mpango wa 1949, pamoja na ubaguzi wake wote, ulilijua bonde hilo vizuri kuliko wale waliojenga karakana ile.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi: kulipa fidia na kuwahamisha wanaokaa sehemu ya chini ya bonde, kuupanua mkondo wa mto, kuinua daraja la Jangwani na kutengeneza bustani kubwa ya umma. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ni gharama ya kurudisha kitu ambacho tulikuwa nacho bure. Ombi langu kwa wachoraji wa bustani hiyo ni kwamba waache matuta. Mlima mchicha ndiye aliyelitunza bonde likiwa wazi wakati taasisi zote zimelipa kisogo, na bustani yenye nyasi, mabenchi na chemchemi za taa, isiyo na nafasi yake, itakuwa imemfukuza mlinzi wake.

Sheria za ardhi za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilirekebisha lile kosa kubwa la fidia. Zilitamka kwamba ardhi ina thamani, na kwamba anayetwaliwa alipwe kwa bei ya soko, kwa haki na kwa wakati. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1994, katika shauri la Akonaay, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa nguvu ya sheria hizo ulikuja mradi wa viwanja 20,000, kuanzia 2002, ambao ulipima viwanja vingi zaidi ya jina lake huko Bunju, Mbweni, Toangoma, Kibada, Buyuni na kwingineko. Wenye mashamba walilipwa kuliko baba zao. Lakini wengi hawakuweza kununua kiwanja katika shamba lililokuwa lao. Walichukua fidia, wakasogea mbele, wakanunua shamba jingine, na huko nako mji ukawafuata. Kigamboni walingoja tofauti: mwaka 2008 serikali ilitangaza mji mpya na kuzuia ujenzi, wakulima wakakaa miaka bila kujua kama wapande mkorosho au wasipande, na mradi ukaishia njiani. Mtu hapandi mti wa miaka saba kwenye ardhi ambayo haijui mwaka kesho itakuwa ya nani.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Namba inayonishughulisha zaidi ni ya jirani. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ulikuwa na 2,024,947. Mji umekwisha kuvuka mpaka. Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo, ambako mananasi, machungwa, korosho na muhogo wa mji huu vinatoka, kumejaa vibao vya viwanja vinavyouzwa kwa mita za mraba, bei ya awali na malipo ya awamu. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na hilo ni jema. Msitu una walinzi na bango. Shamba la minanasi halina.

Tofauti na Tabata ya 1975, vijiji hivi vina chombo mkononi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inakipa kijiji cheti cha ardhi yake, na pamoja na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2007 inakiwezesha kupanga matumizi bora: hapa makazi, hapa malisho, hapa kilimo, hapa msitu, hapa chanzo cha maji. Halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha. Mipango hiyo mara nyingi huandikwa kwa ajili ya kumaliza ugomvi wa wakulima na wafugaji katika wilaya za mbali. Inahitajika zaidi hapa, umbali wa saa moja kutoka Kariakoo, na inahitajika sasa, kwa sababu haki ile ina mwisho. Siku kijiji kinapotangazwa kuwa eneo la mji kinageuka mtaa, halmashauri yake inavunjwa, na mamlaka juu ya ardhi yanahamia ofisi ya mipango miji ya wilaya, kwa mtu ambaye kwenye ramani yake lile shamba bado limeachwa jeupe.